Mkataba Usio na Meli

Siku hizi mnunuzi wa ngano hamtaji Mama Breki bila kumshukuru Mungu. Mwanzoni, weee! Hakutaka hata kumwona.

Kazi ya mnunuzi pale kiwanda cha unga ilikuwa kufunga bei mapema: anasaini mkataba leo, meli inatia nanga miezi mitatu baadaye, na bei ni ileile hata soko liwake moto. Ndipo akaajiriwa yule dada wa kusimamia hatari za hasara, na masharti yake. Kila mkataba ubanwe pamoja na karatasi ya meli yake. Anayesaini asiwe ndiye anayehakiki. Mkataba usio na meli uuzwe siku hiyohiyo. Wafanyakazi wakampachika jina la Mama Breki, naye akacheka tu.

Jumatatu moja akasimama mezani kwa mnunuzi.

"Kaka, mkataba huu ni wa meli gani?"

Mnunuzi akapekua mafaili mpaka jasho likamtoka. Meli ya Machi ilichelewa, ikaandikwa upya kwenye orodha ya Aprili, naye akaifungia bei mara ya pili. Tani elfu ishirini za ngano isiyokuwepo duniani!

"Lakini bei inapanda, dada," akasema. "Tuuache wiki moja tu, tule faida."

"Na ikishuka?"

"Haishuki!"

"Kaka, hapa tunasaga ngano. Hii yako tutaisaga wapi?"

Mama Breki akauuza mkataba kabla ya saa sita mchana. Mnunuzi akamnunia siku tatu nzima, mtu mzima na ndevu zake.

Siku ya nne bei ikaporomoka. Mnunuzi akapiga hesabu mara mbili, kisha akashika tama. Wangeuacha ule mkataba, hasara ingemeza mishahara ya kiwanda kizima, pamoja na wa mkewe anayeshona magunia ukumbi wa chini.

Akaenda mbio ofisini kwa Mama Breki, hata hodi hakupiga.

"Dada, nisamehe. Na asante, asante sana. Mke wangu ana kazi leo kwa sababu yako."

Mama Breki akaweka kalamu chini.

"Mimi mkataba wangu kama huo niliuacha," akasema taratibu. "Kiwanda cha sabuni, zamani. Kikafungwa. Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo palepale, amebakiza miezi minne astaafu. Hakunilaumu hata siku moja."

Mnunuzi akavuta kiti, akakaa naye.