Mtumiaji Aitwaye Kimberly

Alasiri ya Jumanne, Travis Owuor alikuwa ameketi mlangoni pa nyumba yao mtaa wa Bondeni, akigundisha vipande vya katoni ya sabuni ili vigeuke chupa. Haikuwa chupa ya kawaida. Ilikuwa chupa ya kumkumbusha mwenye nayo anywe maji. Mfereji wa ploti waliyopanga ulikuwa umekauka tangu Jumapili na mama yake, Adero, alikuwa amekwenda kuchota maji kanisani. Lakini Travis alikuwa mwaka wa tatu chuoni akisomea ubunifu wa bidhaa, na alikwisha kufundishwa kutofautisha tatizo la mfereji na tatizo la mtumiaji.

Mtumiaji wake aliitwa Kimberly. Alimtunga mwenyewe muhula uliopita, kwa sababu mwalimu wao, Madam Jerotich, alisema huwezi kubuni kifaa kabla hujajua ni cha nani. Kimberly alikuwa msichana wa kama miaka thelathini hivi, mwenye kazi nzuri mjini, nyumba ya balkoni, na muda mchache. Travis alimchagulia nywele fupi na miwani. Tangu hapo alikuwa amembunia taa inayotambua huzuni na kibaniko cha mkate kinachokuuliza umeamkaje. Kwa Adero mkate haukuwahi kukaa muda wa kutosha hata mtu akafikiria kuubanika.

Gundi ilikuwa bado mbichi Kimberly alipoingia getini akivuta sanduku la magurudumu. Viatu vyake havikuwa na vumbi hata kidogo, na hilo ndilo watoto wa ploti walilotazama.

"Sasa, Travis," akasema. "Hiyo chupa iko tayari? Nasikia kiu lakini sikumbuki ni ya nini."

Travis akampa. Chupa ikalia kama kifaranga, ikajaa maji baridi, Kimberly akanywa. Dada yake Travis, Valarie, aliyekuwa akichambua sukuma wiki hapo karibu, akaomba naye aijaribu. Mikononi mwake ikawa katoni ya sabuni. Akaigeuza juu chini, akairudisha.

"Ni yake," akasema, akaendelea na sukuma.

Adero alirudi na jerikeni, akaitua, akanyoosha vidole vyake kimoja kimoja kabla ya kumpa mgeni mkono. Alikuwa mama fua. Miaka mingi ya kukamua mablanketi ya watu ilikuwa imevipinda vidole vile, na asubuhi za baridi havikushika hata kikombe.

"Karibu, mama. Wewe ni wa wapi?"

Kimberly akafikiri. "Sijui, auntie. Travis hakuandika."

"Na mama yako anaitwa nani?"

Kimberly akamtazama Travis. Travis akaitazama gundi.

"Alisahau," Kimberly akasema, bila kulaumu.

Adero akamsikitikia mtoto wa watu asiye na kwao, akabandika chai. Alimgombeza Travis kwa Kijaluo, kwamba mtu haundwi nusunusu. Usiku ule Kimberly akalala kitanda kimoja na Valarie.

Hakukaa sana. Valarie alikuwa na diploma ya uhasibu, na alikuwa amepeleka maombi ya kazi kila mahali kuanzia Gilgil hadi Njoro. Alipokuwa akienda mjini kujaribu tena, Kimberly akamfuata. Ofisi ya kwanza waliyoingia, Kimberly alitajwa kwa jina kabla hajafungua mdomo, akaonyeshwa meza yake. Valarie aliambiwa asubiri nje, kisha akaambiwa arudi siku nyingine. Kabla ya wiki kwisha Kimberly alikuwa na funguo za nyumba mtaa wa Kiamunyi, ghorofani, yenye balkoni.

"Walisema wanamjua vizuri," Valarie alieleza. "Wanajua anapenda nini. Mimi wakaniuliza napenda nini, nikasema kazi."

Travis alisikia fahari ya mzazi ambaye mtoto wake amepita mtihani. Ilimchukua muda kugundua kwamba dada yake analia jikoni, na alipogundua, wazo la kwanza lililomjia lilikuwa ile taa ya huzuni. Akamletea, akaiweka mbele yake, akangoja. Haikuwaka.

"Toa hiyo kitu hapa," Valarie akasema. Akaitoa.

Lakini jambo lilimkaa moyoni, na kwa kuwa hakujua njia nyingine ya kusikitika, akachora. Alichora kifaa cha kukamua nguo: roli mbili na mpini mrefu unaosukumwa kwa kiwiko, usiohitaji vidole. Akaandika mtumiaji: Adero, mama fua, Bondeni. Alijua mengi ya kuandika, akashangaa kidogo kwamba hakuhitaji kutunga. Akampelekea Madam Jerotich.

Madam aliitazama michoro kwa muda mrefu, maana alikuwa mwalimu mzuri.

"Kazi safi," akasema. "Ndiyo bora uliyowahi kuniletea. Lakini huyu si mtumiaji, Travis. Huyu ni mama yako."

"Si hata yeye anatumia vitu, Madam?"

"Anatumia vya wengine. Nani atanunua hii? Rudi kwa Kimberly, maonyesho yamekaribia."

Njiani kwenda kwake Travis alikuwa ameandaa hotuba nzima ya kumjibu akikataa, yenye mifano na hata mahali pa kunyamaza kidogo. Akasema, "Sawa, Madam," kwa sababu ilikuwa fupi zaidi.

Kimberly mwenyewe ndiye aliyepiga simu. Nguo zilikuwa zimemjaa, na muda, kama Travis alivyojua, hakuwa nao. Je, anamfahamu mama fua yeyote? Ndivyo Adero alivyoanza kwenda Kiamunyi kila Jumamosi. Kimberly alimkaribisha chai, akamwita auntie, hakumkaripia hata alipochelewa kukamua mashuka.

Halafu Kimberly akaomba kengele. Watu walikuwa wakigonga getini ovyo, akataka ya kumwambia nani amekuja, ili asishuke bure. Travis aliiunda kwa katoni na kifuniko cha mtungi wa mafuta, akaichagulia sauti ya upole. Madam Jerotich alipokwenda kuikagua, akabonyeza, kengele ikasema, "Madam Jerotich yuko getini. Ana njaa kidogo." Madam akacheka hadi akafuta machozi. Kengele ikashinda maonyesho, na picha ya Travis ikabandikwa ukutani pale chuoni, amekunja mikono kama mtu anayefikiri.

Jumamosi iliyofuata alimsindikiza mama yake, amwonyeshe. Adero akajifuta mkono kwenye leso, akabonyeza.

"Hakuna mtu," kengele ikasema.

"Bonyeza tena, mama. Kwa nguvu."

"Hakuna mtu," kengele ikarudia, kwa upole uleule.

Travis akabonyeza mwenyewe. "Travis Owuor, mbunifu. Karibu sana." Geti likafunguka. Adero akamshika bega mwanawe, akapita naye.

Travis aliifungua ile kengele, akakuta gundi tu. Angeweza kuing'oa. Alifikiria kuing'oa. Lakini chuo kilikuwa kimeshaahidi kuipeleka Nairobi, na cheti kilikuwa na jina lake.

Siku hizi Adero akifika Kiamunyi huokota jiwe kando ya barabara, akaligongesha kwenye geti. Kimberly hushuka mbio kumfungulia, kwa kuwa si mtu mbaya. Kisha humpigia Travis kumwambia kwamba kengele inafanya kazi vizuri sana, ila kila Jumamosi kuna kelele fulani getini, na kumwuliza kama angeweza kumbunia kitu cha kuzima kelele hiyo.

Travis amesema ataangalia.