Maboya ya Mujuni

Sisi watu wa Kishanda ni watu wa migomba. Ziwa tunalijua kwa samaki wake tu. Ndiyo maana tulikosea, na hasira haijanitoka mpaka leo.

Kaka yangu Mujuni, aliyetuacha akaenda kuvua kwenye kambi ya visiwani, alizama huko mwaka tisini na moja. Tata, baba yetu, alishakwenda vita vya Uganda asirudi. Dada zangu wakaondoka na ugonjwa huu wa kukonda, tukawazika kibanjani, nyuma ya nyumba. Mama akaapa, "Mujuni nitamzika hapahapa. Sitaki tena mtu wangu asiye na kaburi!"

Kwanza ndala yake ya bluu ikaokotwa mwaloni, tunaposhukia kununua samaki. Halafu yakaja maboya ya wavu wake, yale madumu ya plastiki aliyoyatia alama kwa msumari wa moto. Moja asubuhi, mengine jioni, yote palepale. Mama akayakumbatia akilia. "Mnaona? Anafuata vitu vyake."

Basi tukakaa hapo ukoo mzima, macho majini. Ikaja mifuko ya nailoni, zikaja chupa na vifuniko. Mukama wange, kila takataka ilifika isipokuwa mtu wetu.

Wiki ilikuwa imekatika Shilogile alipotukuta, mvuvi Msukuma aliyeishi na Mujuni kambini. Akashika kichwa. "Jamani, nani kawaambia mkae hapa? Dumu tupu linaelea juu, linasukumwa na upepo. Mtu anazama, na akiibuka anachukuliwa na mkondo. Wote huwa wanatokea ng'ambo ya kisiwa."

Nikawaka. "Wewe ulikuwa wapi siku zote hizo?"

"Nilikuwa namtafuta, dada."

Tukavuka naye. Wavuvi tuliowakuta ng'ambo walisema ndiyo, mwili uliopolewa, ukazikwa upesi kwa sababu ulikuwa umeharibika. Wakatupeleka kwenye makaburi mchangani, mengi mabichi, hakuna hata msalaba. Ugonjwa ulikuwa unaimaliza kambi ile, walikuwa wanazika kila mara. Waliomzika Mujuni walishahama kufuata samaki, na waliobaki hawakujua kaburi lake ni lipi.

Mama akazunguka, akazunguka tena. Mwishowe akapiga magoti penye moja, akaanza kulisawazisha kwa viganja.

Nikamwinamia. "Mama, una hakika ni yeye?"

"Sina," akasema, bila kuinua kichwa. "Lakini hata huyu ana mama yake, na hajui alipo."