Jina Baada ya Nanyama

Mwihaki hakuweza kusoma hata tangazo la dawa ya kupe bila kalamu nyekundu mkononi. Tulikaa meza moja katika chumba cha walimu pale shuleni kwetu Kitale, yeye wa Kiingereza, mimi wa Kiswahili, na kila siku alikuwa na sentensi ya mtu ya kusikitikia. Nilimtania kwamba siku akifika mbinguni atamsahihisha malaika wa mlangoni kabla hajasalimiwa.

Alichokipenda zaidi ni sentensi iliyopangwa sambamba. Akifundisha somo hilo aliwaita wanafunzi watatu mbele, wawili wakasimama, wa tatu akaketishwa sakafuni, kisha akaliuliza darasa kuna nini hapo. Darasa lilicheka. Ndivyo msomaji anavyokucheka, aliwaambia, ukimwandikia kwamba mtu fulani ni mkulima, mpole na anapenda kuimba kwaya. Vitu vya uzito mmoja vipewe umbo moja. Kimoja kikisimama, vyote visimame. Ndipo aliyeketi akainuliwa, akapanguswa vumbi, somo likaisha.

Mumewe, Walubengo, alikuwa mfanyabiashara wa mahindi, ananunua Moi's Bridge na kuuza Bungoma. Kwao Kabuchai, hukohuko Bungoma, alikuwa na mke wa kwanza, Phelista, na watoto watatu, Barasa, Mukhwana na Nanyama. Mwihaki alikuwa mke wa pili, na hakuwa wa kufichwa. Wazee wa Walubengo walikwenda kwa kina Mwihaki wakatoa mahari mchana kweupe. Mimi nilikuwepo na mbuzi nilimla, kwa hivyo mtu asiniambie habari nyingine. Walijaliwa msichana mmoja, na Walubengo mwenyewe akampa jina la mama yake mzazi, Nasike.

Barasa alipofika umri wa sekondari, baba yake alimleta Kitale asome kwetu. Nasike, aliyekuwa mdogo bado, alihamishwa chumba chake ili kaka apate pa kusomea. Barasa alimwita Mwihaki mama mdogo. Alikula kwake, akafuliwa na yeye, na jioni wakawa wanakaa jikoni wakipanga sentensi. Alipopata A ya Kiingereza, Mwihaki alitembea na yale matokeo kwenye simu akituonyesha kama aliyejifungua upya.

Mwaka huu presha ilimwangusha Walubengo. Mwihaki ndiye aliyemuuguza hospitalini, na ndiye aliyemfumba macho. Hazikupita siku nyingi, akaja Wangila, kaka mkubwa wa marehemu na mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Nilikuwa pale sebuleni nikimimina chai. Pole yake ilikuwa fupi. Haja yake ilikuwa ndefu.

Walikuwa wameandika wasifu wa marehemu kwa Kiingereza, na ulikuwa umetoka vibaya. Sentensi zilichechemea, nyingine hazikufika. "Shemeji, wageni ni wakubwa," akasema. "Askofu atakuwa hapo. Hii Kiingereza yetu itatuaibisha. Si wewe ndio uko nayo? Tutengenezee."

Kwetu, kijitabu cha mazishi, kile kinachochapishwa wasifu ndani yake, si karatasi ya kupungia nzi. Ndicho chifu anachokiomba siku ya kuandika barua ya warithi, na ndicho wakili anachokipiga mezani. Aliyeandikwa humo ni mtoto. Asiyeandikwa aanze kutafuta mashahidi. Nyumba ya Kitale, ile alimozaliwa Nasike, ilikuwa kwa jina la Walubengo. Tena siku yenyewe, wasifu ukisomwa, kila mtoto husimama akitajwa, watu wote wamwone, na hiyo ndiyo picha inayobaki vichwani mwao.

Kwa hivyo Mwihaki aliuliza kitu kimoja tu, kama Nasike yumo. Aliitazama rasimu na hakumwona.

"Ni kusahau tu," Wangila akasema. "Si ni damu ya ndugu yangu? Andika yeye, andika na wewe. Nani atatoa?"

Basi akaandika. Ile sentensi aliisahihisha kwa machozi na kalamu nyekundu pamoja, na alipomaliza akanisomea: He married Phelista, he married Mwihaki, and he raised Barasa, Mukhwana, Nanyama and Nasike. Alimwoa huyu, alimwoa yule, akawalea hawa wote. Wake wawili bega kwa bega, kitenzi kilekile, na hakuna aliyeketishwa sakafuni. Phelista alikuwa wa kwanza, kama inavyostahili. Mimi sina mapenzi makubwa na Kiingereza, lakini nilikubali kwamba ilikuwa nzuri.

Nikamwambia aichapishe hapa hapa Kitale, abebe maboksi mwenyewe mpaka Kabuchai, ayagawe kwa mkono wake. Akakataa. Watasema mwanamke wa Kitale ameteka mazishi, akasema, na yeye hataki fujo juu ya jeneza. Barasa ndiye aliyekuwa akishughulikia uchapishaji mjini Bungoma, na ni nani angemwamini kuliko Barasa? Akamtumia kwenye WhatsApp, faili wazi ambayo mtoto yeyote angeweza kuifungua akafuta na kuongeza. Jibu likaja upesi: Imefika, Madam, asante. Nilimuuliza tangu lini yeye ni Madam kwa kijana huyo. Akasema mtoto amefiwa na baba, nisimpime maneno.

Usiku haukuwa na usingizi nyumba ile, lakini jioni zilikuwa na kazi. Mwihaki alimfundisha Nasike kusimama. "Ukisikia Nanyama, jiandae," alimwambia. "Jina linalofuata ni lako. Simama wima, usiegemee kiti. Vuta pumzi moja, ndipo ukae." Mimi nilijifanya Barasa, aliyepangiwa kuusoma wasifu, nikasoma majina nimeshika gazeti, na mtoto akasimama na viatu vyake vya shule pale kwenye kapeti, tena na tena, mpaka akaweza. Baba yake alikuwa amekufa, na hicho ndicho kitu cha mwisho alichoweza Nasike kumfanyia.

Siku ya mazishi tulifika Kabuchai mapema. Hema la familia lilikuwa na viti vilivyofungwa utepe, na watu wa familia wote, hadi vitoto vya kubebwa, walikuwa wamevaa kitenge kimoja cha buluu. Mwihaki akauliza chake na cha Nasike. Mama mmoja wa kamati akasema kitambaa kiliisha. Tukaelekezwa kwenye hema la wageni wa Kitale, nyuma ya spika. Phelista alitutazama mara moja, akatazama kando. Vijitabu navyo vilipofika hema letu vilikuwa vimekwisha, ati vingine viko njiani.

Nilikuwa nimeshaanza kuinuka nikamtafute Wangila nimwambie mbele ya askofu wake yeye ni mtu wa namna gani. Mwihaki akanishika mkono. "Chelagat, kaa," akasema. "Viti si kitu. Kitenge si kitu. Acha kwanza isomwe."

Barasa akapanda jukwaani na suti yake. Sauti yake ilikuwa nzuri, nikiri hivyo, na alisoma taratibu jinsi alivyofundishwa jikoni kwa Mwihaki. Kuzaliwa, shule, biashara, kanisa, kila kitu kilikuwa cha Mwihaki, neno kwa neno, na watu wakawa wanatikisa vichwa kwa raha. Kisha akafika penyewe. He married Phelista, he built a home in Kabuchai, and he raised Barasa, Mukhwana and Nanyama.

Aliolewa mke mmoja, ikajengwa boma moja, wakalelewa watoto watatu. Vitenzi vitatu, vyote vimesimama. Mjinga angefuta jina akaacha shimo, na kila mwenye masikio angejua kuna kitu kimeng'olewa hapo. Barasa hakuacha shimo. Pale alipomtoa mama yake mdogo aliweka nyumba, akaipa umbo lilelile, akapiga pasi juu yake. Kazi hiyo hakuna mwingine Kabuchai nzima aliyeweza kuifanya.

Mwihaki akaniinamia sikioni. "Ameipanga vizuri," akasema, na sijawahi kusikia kitu kibaya kama sauti ile.

Huku mbele watoto walikuwa wanasimama. Barasa aliinua mkono wake mwenyewe. Mukhwana akasimama, akakaa. Nanyama akasimama, akakaa. Na katika hema letu, kabla mama yake hajamwahi, Nasike akasimama.

Alisimama wima. Hakuegemea kiti. Barasa alimwona juu ya karatasi yake, mtoto ambaye yeye Barasa alilala chumbani mwake miaka yote ya sekondari, akafungua ukurasa mwingine. Mshereheshaji akasema kwenye kipaza sauti kwamba mtoto wa hema la wageni akae, wageni watatambulishwa baadaye. Nasike hakukaa. Alikuwa ameambiwa avute pumzi baada ya jina, na jina lilikuwa halijaja. Akangoja kidogo, halafu akasema kwa sauti ya mtoto anayemkumbusha kaka yake kitu mezani, "Barasa, bado mimi."

Watu wakacheka. Si wote, na wengi wao hawakujua wanacheka nini, lakini kilikuwa kicheko kilekile cha darasani, cha kumwona mmoja amekaa vingine na wenzake. Tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyekuja kumpangusa vumbi.

Mwihaki akasimama. Sijui alitaka kusema nini. Naamini alitaka kusema yote, mahari, hospitali, chumba, jikoni. Mdomo ulishafunguka. Lakini Wangila hakuwa mtu wa kuzidiwa na umati. Alishafika kwenye kipaza sauti, akamwekea Barasa mkono begani, akatabasamu kuelekea hema letu.

"Ndugu zangu, huyu mama amesimama pale ni Madam Mwihaki, mwalimu kutoka Kitale," akasema. "Hii Kiingereza tamu mmesikia, ni yeye ametusaidia kutengeneza. Bungoma tunajua kushukuru. Hebu tumpigie makofi."

Wakapiga. Hema la familia lilipiga, hema la machifu lilipiga, askofu akaweka Biblia mapajani akapiga. Walimu wenzetu wa safu ya mbele, ambao hawakujua lolote, wakageuka na kumpigia kwa fahari, kwa kuwa shule yetu imetajwa. Yeyote aliyetaka kujua kwa nini mwanamke yule na mtoto yule wamesimama alikuwa ameshapata jibu lake, na wapiga picha wakalipiga picha.

Nasike alisikia jina la mama yake, akasikia makofi, akadhani ndiyo zamu yake. Akavuta pumzi moja, kama alivyofundishwa, akakaa. Akaniuliza polepole kama amesimama wima. Nikamwambia ndiyo. Mama yake alikuwa bado amesimama, na watu walikuwa bado wanapiga makofi.