Mkalimani wa Kombaini

Usiku wa jana niliota nimeitwa kusuluhisha ugomvi kati ya kombaini ya kuvunia na kichwa cha kukatia ngano.

Ugomvi wenyewe ni wa kweli. Siku tatu nahangaika na nyaya za umeme za kupimia kimo cha kichwa hicho cha zamani, nikikifunga kwenye kombaini isiyo yake. Kikigusa ardhi, badala ya kuinuka, kinazidi kushuka na kuchota udongo. Ngano ya mama mkwe imeshakauka, mawingu yamejaa juu ya Hanang, na mvua ikituwahi, ngano itachipua masukeni. Nilikuwa nimelala na hasira.

Ndotoni, kikao kiko sebuleni kwangu. Kombaini imekaa kwenye kochi. Kichwa kiko mkekani, kimejifunika khanga kwenye meno.

"Shikamoo," nakiamkia, maana kimenizidi umri.

"Marahaba. Mwambie mwenzako nikisema niko chini, asinishushe tena."

"Unasema uko juu," kombaini inajibu. "Kwetu umeme mwingi maana yake juu."

"Kwetu maana yake chini. Ndivyo nilivyolelewa."

Nafarijika. Kumbe hakuna mkorofi hapa, ni malezi tu.

Sebule inakuwa shamba. Waya wa bluu unajifunga kwenye dole gumba langu la kushoto, mweupe kwenye la kulia, kwa utepe mweusi. Waya wa katikati unasema wenyewe hauna upande.

"Wewe ndiye mkalimani," kichwa kinaniambia. "Usicheke. Ukicheka nitayumba."

Mama mkwe anatokea kushotoni kwangu na kikombe cha chai.

"Mkwe, karibu chai."

Mkono wa kushoto ndio ulio karibu, lakini nani anapokea chai ya mama mkwe kwa kushoto? Napitisha wa kulia juu yake. Nyaya zinapishana.

"Niko chini," kichwa kinasema.

"Pole, nilikuwa sijakuelewa," kombaini inajibu, na kukiinua.

Tunavuna. Tukifika kwenye kichuguu, kichwa kinapanda taratibu, kinasema hodi, kinashukia upande wa pili. Chai haimwagiki. Nina furaha kuliko siku ya harusi yangu, na mama mkwe anasema hata yeye anaona hivyo.

Mke wangu, Paskalina, akaniamsha.

"Baba Yustina, nani kakufunga utepe wa umeme vidoleni?"

Nikatazama. Madole gumba yote mawili, utepe umefungwa vizuri, bila mkunjo. Mimi sijawahi kufunga utepe vizuri hivyo.

"Mpigie mama yako," nikamwambia. "Ni waya wa bluu na mweupe tu kubadilishana nafasi. Aanze kutafuta magunia."