Mose Yutzy na Safari za Fannie

Mose Yutzy hakuomba kuwa mhubiri. Kura ilimwangukia akiwa kijana, ana watoto wawili na karakana ya magurudumu aliyoachiwa na baba yake. Kwetu mhubiri huchaguliwa kwa kura, na ikishamwangukia mtu, anaibeba kazi hiyo mpaka kaburini, bila mshahara. Mkewe Lovina alilia siku ile kama aliyefiwa. Tangu hapo mchana Mose alitengeneza magurudumu ya magari ya farasi, jioni alikwenda kwa wagonjwa au kwa mke na mume waliogombana, na Jumapili ya ibada, ambayo kwetu hufanyika majumbani, alisimama sebuleni mwa mtu akahubiri bila karatasi. Alipokaribia miaka sitini, uchovu ulikuwa umemwingia mifupani.

Karakanani alifanya kazi na mdogo wake, Yost. Yost alikunja mbao kwa mvuke, Mose akafunga pete za chuma. Yost alikuwa mtu wa maneno. "Kaka akihubiri," aliwaambia wateja, "hata farasi huko nje wanalala."

Kisha figo za Fannie, mke wa Yost, zikafa. Ikabidi apelekwe mjini mara tatu kwa wiki kusafishwa damu. Walimkodi mtu wa nje ya kanisa letu mwenye gari. Leo anakuja, kesho haonekani. Mwishowe Yost akanunua pikapu, akaificha nyuma ya ghala la mahindi. Kwetu kupanda gari la mtu mwingine kunaruhusiwa, lakini kumiliki gari la injini ni kosa la kumtenga mtu na kanisa, na pikapu si kitu cha kufichika.

Askofu Ammon akamwita Mose. "Nenda ukaseme naye. Ni ndugu yako."

"Ndiyo maana sitaki kwenda."

"Najua," askofu akasema. "Nenda."

Mose alimkuta Yost akikamua ng'ombe.

"Umetumwa," Yost alisema bila kugeuka.

"Nimetumwa. Iuze, Yost."

"Halafu Fannie nimbebe mgongoni? Ungemwona anavyotapika, kaka, ungenunua basi zima."

"Nitampeleka mimi, kwa farasi. Wewe ubaki na karakana."

Yost akacheka, lakini hakukuwa na furaha katika kicheko chake. "Mwendo wa saa mbili kwenda, saa mbili kurudi? Wewe unasinzia ukinywa supu!"

"Nitasinzia njiani. Farasi anaijua barabara."

Yost hakuamini. Lakini siku ya safari, kabla hakujapambazuka, Mose alikuwa getini, ameweka tofali la moto ndani ya blanketi kwa ajili ya miguu ya Fannie. Safari iliyofuata akaja tena, na iliyofuata pia. Siku moja Yost akaiuza pikapu. Hakusema kwa nini, na kanisa halikumuuliza.

Majira ya baridi yalikuwa mabaya. Theluji iliziba barabara, malori yakawapita yakiwarushia tope. Hospitalini Mose alilala kwenye benchi, kofia usoni.

"Shemeji," Fannie alimwambia siku moja, "wauguzi wanauliza kati yetu mgonjwa ni nani. Unakoroma kama msumeno."

"Waambie ni mimi. Labda watanipa kitanda."

Nyumbani Lovina alimvua buti, maana vidole vya Mose vilikuwa vimekufa ganzi. "Utatangulia wewe kabla ya Fannie," alisema.

"Basi nitapumzika."

Jumapili moja alisimama kuhubiri habari za Abrahamu akipanda mlimani, maneno yakampotea, akamwacha Abrahamu njiani. Alitazama watu, akatazama mikono yake, akaketi. Hakuna aliyemlaumu. Mtu akaanzisha wimbo.

Fannie alifariki mwezi wa Machi. Mose ndiye aliyehubiri mazishini, kwa maneno machache.

Wiki iliyofuata ndugu wawili walikuwa karakanani. Yost aliweka randa chini.

"Kaka, niambie kweli. Ningebaki na pikapu, asingechoka vile?"

Mose angeweza kusema ni mapenzi ya Mungu. Alikuwa ameyasema hayo katika nyumba nyingi.

"Asingechoka vile," akajibu. "Baridi ile ilimla."

Yost akamgeukia. "Ungerudia?"

"Kumpeleka, ningempeleka tena. Kukwambia uuze..." Mose akapangusa uso kwa aproni. "Sijui, Yost. Nalifikiria hilo kila nikilala. Sijui."

Yost akaketi juu ya rundo la mbao, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu mazishi. Mose akaketi kando yake, bega kwa bega. Hakuomba, hakutaja andiko lolote. Mteja alikuja akagonga mlango, akaita jina la mmoja, kisha la mwenzake. Wakamwacha agonge.