Mtu wa Mwisho Kwenye Kamba

Jachen alipopiga simu kumwalika kaka yangu Duri kwenye safari ya ski juu ya barafuto, ule mto wa barafu wa mlimani, ya kulala kibanda hadi kibanda, nilikuwa jikoni kwa Duri namenya viazi. Nilimsikia kaka akijibu "ndiyo, ndiyo, asante," kama mtu anayepokea majibu ya daktari. Alipokata simu nikamuuliza, "Jachen yupi?"

"Kwani bonde hili lina akina Jachen wangapi, Seraina?"

Ndiyo maana niliuliza. Curdin, mdogo wake Jachen, alitumbukia kwenye ufa wa barafu akiwa na Duri, na hakutoka tena. Walipanda wawili, akarudi mmoja. Duri aliwaambia waokoaji, kisha kijiji kizima, kwamba Curdin alikataa kufungwa kamba. "Mnamjua ukaidi wake," alisema, na watu wakaguna kukubali. Jachen hakuguna. Tangu siku hiyo hakumsemesha kaka yangu hata salamu, na leo eti anamwalika mlimani.

"Mimi pia naenda," nikasema.

"Hujaalikwa."

"Nimejialika."

Nilimvuta na rafiki yangu Madlaina, mwalimu wa ski, mwanamke wa kucheka hata upepo ukimchapa usoni. Kwa hiyo tuliondoka wanne, ngozi za kupandia zimebandikwa chini ya ski zisiteleze nyuma, tukipita kati ya misonobari hadi miti ikaisha, mbele yetu pakabaki weupe mtupu.

Nilimchunguza Jachen tangu hatua ya kwanza. Aliongea kidogo, lakini si kwa hasira. Alimgawia Duri keki yake ya karanga. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi zaidi. Mtu aliyekununia miaka, halafu ghafla anakupa keki?

Kwenye kibanda cha kwanza, tukiwa tunakunywa supu ya shayiri, alitoa kisu akawa anakata nyama kavu vipande vyembamba vya kuonyesha mwanga. Kisha akakifuta, akakinoa kwa kijiwe, akakijaribu kwa kidole gumba.

"Nyama imekwisha, bwana," nikamwambia. "Unanoa cha nini?"

"Kisu butu ni cha nini?"

Madlaina akacheka. "We Seraina, una nini? Toka asubuhi unamkodolea macho kama askari wa mpakani."

Nilikuwa natazama mahali Jachen alipokirudisha kile kisu: mfuko wa kifuani, kinapofikiwa hata kama mkono mmoja umeshikwa na kazi.

Asubuhi iliyofuata nilimkuta kwenye chumba cha kukaushia viatu ameshika mkanda wa kiunoni wa Duri, ule wa kufungia kamba, anapitisha vidole kwenye mishono yake.

"Huo si wako," nikasema.

"Najua." Akautundika taratibu kwenye msumari. "Nilikuwa nautazama."

Nilimfuata Duri nje, alikokuwa anapaka nta kwenye ski. "Kaka, turudi. Huyu mtu ana lake jambo."

"Naomba uniache, Seraina."

"Unamwogopa?"

Aliendelea kupaka nta mahali pale pale. "Nimechoka tu," akasema. Nilidhani anasema miguu.

Tulipofika ukingo wa barafuto kubwa, Jachen alitoa kamba, akachomoa sululu yake ya barafu begini, akatupanga. Madlaina mbele, kwa kuwa ndiye mwepesi na anaijua njia. Mimi wa pili. Yeye mwenyewe wa tatu. Duri mwisho.

"Kwa nini Duri mwisho?" nikauliza.

"Mzito hukaa mwisho. Kawaida."

Ni kawaida kweli. Lakini maana yake ni kwamba kati ya kaka yangu na sisi wengine hakuna mtu ila Jachen na kisu chake. Nilimtazama Duri, nikitegemea apinge. Akajifunga.

Theluji ilikuwa imefunika nyufa, juu kumelala laini kama kitanda kilichotandikwa. Madlaina alipita akipima kwa fimbo, mimi nikapita, Jachen akapita. Nyuma nikasikia sauti kama gunia linalodondoka ghalani, na kamba ikanivuta kiuno. Nilipogeuka Duri hakuwepo. Palikuwa na tundu.

Jachen alikuwa amelala kifudifudi, ski amezikita kwa upande, mgongo kwetu. Bega lake lilifanya kazi kidogo, kisha likatulia.

"Duri!" nikapiga kelele.

"Nipo!" Sauti ilitoka mbali, kama ya mtu kisimani. "Nipo, nimening'inia!"

"Jachen, mvute! Tumvute!"

"Subiri."

"Nisubiri nini? Wewe!"

"Usisogee, Seraina. Hatujui chini yako kuna nini." Hakunigeukia hata kidogo. Kisha akainua sauti, akaielekeza kwenye tundu lile. "Duri! Siku ile kamba ilikuwa wapi?"

Hapo ndipo nilipoelewa safari ile ilikuwa ya nini, au nikadhani nimeelewa. Nilianza kutambaa kuelekea kwake. Madlaina akakaza kamba yangu kutoka nyuma, akanizuia kama mbuzi.

"Duri! Ilikuwa wapi?"

Theluji ndogondogo zilimwagika tunduni zikilia kama vioo.

"Kwenye begi langu," kaka akasema.

"Na Curdin?"

"Aliiomba." Sauti ikakatika, ikarudi. "Aliiomba, Jachen. Nikamwambia tunachelewa, theluji ni ngumu, twende tu. Sikutaka kufungua begi. Baridi ilikuwa kali, sikutaka tu kufungua begi!"

Jachen aliweka paji la uso juu ya theluji. Akakaa hivyo. Kisha akapiga magoti, akatoa kapi na kulabu zake, akaanza kuvuta kwa mikono ya mtu anayejua kazi. "Madlaina, zunguka kushoto, pima kwanza. Seraina, shika hapa. Sasa. Vuta."

Duri alitoka na midomo ya kijivu na damu kidogo nyusini. Jachen alimvika koti lake, akampa chai. Hawakutazamana.

Njia nzima ya kushuka sikumsemesha Jachen. Tulipofika chini, ski mabegani, maji ya theluji yakitiririka barabarani, nikashindwa kuvumilia.

"Angenyamaza je? Ungekata?"

"Sululu yangu ilikuwa imeshazama barafuni na kamba imefungwa kwake kabla sijauliza," akasema. "Hata ningeachia mikono asingeanguka."

"Mimi sikuiona."

"Nilikuwa nimeilalia."

Nilimgeukia Madlaina. Akasema aliiona alipozunguka, imefungwa vizuri. Lakini alizunguka baada ya jibu, si kabla.

Jumapili Duri alikwenda nyumbani kwa mama yake Jachen, akamweleza yote mezani kwake. Mama yule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamtaka akayarudie dukani na kanisani, kote alikomwita mwanawe mkaidi. Akaenda. Wapo ambao mpaka leo hawampi mkono. Yeye anasema analala vizuri zaidi.

Kiangazi Jachen alimwita amsaidie kukata majani ya ng'ombe kwenye mteremko wao wa juu, naye akaitikia mara moja. Wawili peke yao huko, na mundu mkononi. Nilipita kwa baiskeli asubuhi, nikapita tena alasiri, nikijidai naelekea dukani.