Tanzia ya Mama Mkwe

Kule redioni walimwita Mama Tanzia, na jina lilimkaa sawasawa. Kila Alhamisi saa nne asubuhi alikuwa hewani na kipindi cha kuwakumbuka wasanii na watu maarufu waliofariki karibuni: waimbaji, wachoraji, watangazaji wastaafu, hata refa mmoja aliyewahi kutoa penalti tatu katika mechi moja akatoka uwanjani mzima. Akimpigia simu msanii mzee yeyote, hata kwa salamu tu, jibu lilikuwa, "Mimi bado nipo, dada! Nenda kwa mwingine!" Mwenyewe alicheka. Kazi aliipenda, na kanuni yake ilikuwa moja: hasomi jina la marehemu mpaka watu wawili wasiokaa nyumba moja wamthibitishie.

Jumatano moja mchana alikuja mwanamume wa makamo, suti ya kijivu, faili kifuani, sauti ya chini kama ya mtu aliye maktaba.

"Mimi ni mpwa wake Mama Mkwe," alisema. "Shangazi ametutoka jana alfajiri. Tumezika jana hiyohiyo."

Mama Tanzia aliketi. Nani asiyemjua Mama Mkwe? Kwa miaka ishirini na miwili aliigiza mama mkwe mkorofi katika mchezo wa redio wa Jumapili, hadi wauza vitunguu wakawa wanampandishia bei kwa hasira ya aliyomtendea mkwewe wa kwenye redio.

"Mbona hatukusikia?"

"Ndiyo maana nimekuja, dada."

Ndani ya faili kila kitu kilikuwa tayari: picha, mwaka wa kuzaliwa, michezo aliyoigiza, tuzo alizopata. Mwisho wa karatasi palikuwa na mstari mmoja ulioandikwa kwa wino mzito: familia inaomba isitembelewe na mtu yeyote.

"Huo mstari usome neno kwa neno, tafadhali," alisema mpwa. "Ikiwezekana, mara mbili."

Alipoondoka, Mama Tanzia alipiga namba ya zamani ya Mama Mkwe. Haikupatikana. Alikuwa anamtafuta mtu wa pili wa kumuuliza pale mkuu wa vipindi alipochungulia mlangoni. "Redio ya jirani wametupita mara mbili mwezi huu. Hili nalo litupite?"

Halikuwapita. Alhamisi saa nne alisoma, na alisoma vizuri, sauti ikimtetemeka mahali panapostahili. Mstari wa mwisho aliusoma mara mbili.

Simu zilimiminika. Watu walilia, wakacheka, wakakumbushana vituko vya Mama Mkwe. Kipindi kilipokwisha, simu ikaita tena. Alipokea mwenyewe.

"Umesoma vizuri, mwanangu," sauti ilisema taratibu. "Ila mimi sijafa."

Simu ikakatwa.

Alidhani ni mzaha wa mtu asiye na haya. Lakini hakuliacha hapo. Alimwendea fundi mitambo, mzee aliyemrekodi Mama Mkwe tangu enzi za mikanda, na kwa kuwa simu zote za studio zilirekodiwa, wakaisikiliza pamoja. Mzee aliirudisha mara tatu. Mara ya nne alivua miwani.

"Unasikia anavyovuta pumzi kabla ya neno la kwanza? Nimeikata pumzi hiyo kwenye kanda miaka ishirini na miwili. Ni yeye."

"Mzee, usinitanie."

"Chukua mkoba wako, twende."

Walipiga namba iliyokuwa imepiga. Ilipokewa na mwanamume. "Umekosea namba," alisema, sauti ya chini, ya maktaba.

Nyumba ya Mama Mkwe ilipakana na kibanda cha fundi cherehani. Walimkuta akipinda suruali, redio ikiimba pembeni.

"Poleni kwa msiba," aliwaambia. "Sisi tungeenda kutoa pole, lakini si mlisema familia haitaki wageni?"

"Jeneza uliliona?" aliuliza Mama Tanzia.

Fundi cherehani aliacha kukanyaga mashine. "Hapana. Sikuona jeneza, sikusikia kilio. Tumejua leo, nyie mlipotangaza."

Walikwenda kugonga. Madirisha yalikuwa yamebandikwa magazeti kwa ndani. Mpwa alifungua mlango upana wa uso wake tu.

"Dada yangu," alisema kwa upole, "uliusoma ule mstari mwenyewe. Mara mbili."

Nyuma yake, mbali ndani ya nyumba, kitu kiligonga ukuta. Kikagonga tena. Kisha kimya.

"Panya," alisema mpwa, akatabasamu. Komeo likaingia, na la pili.

Katika kituo cha polisi, askari wa mapokezi alicheka hadi akashika meza. "Yaani marehemu kawapigia simu? Alitumia mtandao gani?" Kicheko kilikoma fundi mitambo alipomwekea ile rekodi, maana hata askari alikuwa amekua akisikiliza mchezo wa Jumapili. Lakini saa moja na nusu ilikuwa imekwisha potea. Walipofika na askari, mlango ulikuwa wazi. Chumba cha nyuma kilikuwa na komeo kwa nje. Ndani, godoro, sahani yenye ugali mkavu, na redio ndogo bado ina moto.

"Wamehama sasa hivi," alisema fundi cherehani. "Pikapu. Walibeba kabati tu. Wanaume wanne, wakalilaza chali, polepole, kama mtu anayebeba mayai."

Mama Tanzia na fundi mitambo walirudi redioni mbio.

Redioni, mkuu wa vipindi alishika kichwa. "Tutasahihisha Alhamisi ijayo. Kistaarabu. Tukisema leo, nani atatuamini tena?"

"Alhamisi ijayo nitakuwa nasoma tanzia ya kweli," alisema Mama Tanzia, akampita. Msoma taarifa alikuwa katikati ya habari za barabara. Alimgusa bega, akakaa kwenye kiti chake, na fundi mitambo, bila kumtazama bosi, akamfungulia kipaza sauti.

"Leo asubuhi niliwaambia Mama Mkwe amefariki," alisema. "Sikuthibitisha. Nilidanganywa, na mimi nikawadanganya. Yuko hai, na amefichwa. Mwenye kuona pikapu iliyobeba kabati, apige sasa."

Dakika arobaini hakuna simu ya maana. Wengine walimtukana. Kisha akapiga mlinzi wa ghala moja nje ya mji. "Jengo la jirani lilikuwa tupu. Wameshusha kabati humo, wakafunga, wakaondoka mbio. Nimeshangaa, kabati tupu haliwi zito vile."

Askari walivunja mlango, kisha kabati. Mama Mkwe alikuwa ndani, amekunjwa kama nguo, kitambaa mdomoni, pumzi ikimtoka kwa kuhesabu. Mpwa hakuwepo.

Siku ya pili hospitalini alipata sauti ya kusema.

"Alitaka nyumba. Nikakataa kutia sahihi, akanifungia. Wiki tatu. Majirani walikuwa wanagonga, wananiuliza, anawaambia naumwa. Ila waligonga kila siku, akachoka." Alivuta ile pumzi yake. "Alhamisi akaniletea redio, akaiweka mapajani mwangu. Akasema, 'Sikiliza.' Nikakusikiliza wewe mpaka mwisho. Akaniambia, 'Umesikia, shangazi? Sasa hakuna atakayegonga.' Akatoka kumfungulia muuza maji, simu akaisahau kitandani. Akarudi kabla sijasema nilipo."

Kisha alimgeukia Mama Tanzia.

"Mwanangu, ulimuuliza nani kabla ya kusoma?"

"Sikumuuliza mtu, mama."

Mama Mkwe hakumlaumu, na hakumwambia si kitu. Aligeuza uso ukutani, akabaki hivyo mpaka chai ikapoa.

Alasiri ile muuguzi wa zamu alikuja akitabasamu. "Kuna ndugu yenu amepiga simu mapokezi. Mtu mstaarabu sana, anaongea polepole. Kauliza bibi yuko wodi gani, na saa za kuona wagonjwa."

"Mmemwambia?" aliuliza fundi mitambo, aliyekuwa amekaa kando ya kitanda.

"Si ndugu? Tumemwambia, ndiyo."

Hawakungoja kuulizana. Muuguzi, tabasamu limemtoka, alileta kiti cha magurudumu mwenyewe. Walimpitisha Mama Mkwe njia ya jikoni, amefunikwa shuka hadi kidevuni, askari mmoja mbele. Askari wengine wawili walikaa wodini siku tatu wakimsubiri mgeni. Hakuja. Mpaka leo hajapatikana.

Mama Mkwe anaishi mahali fulani, anakula vizuri, na nyumba yake imefungwa kwa amri ya mahakama. Wasikilizaji wakiuliza yuko wapi, Mama Tanzia hujibu kuwa yu mzima, basi. Wengi huuliza kwa mapenzi. Lakini wiki iliyopita mmoja aliuliza mara mbili, kwa sauti ya chini, na Mama Tanzia alikata simu kabla hajamaliza, akaenda kuhakikisha kama mlango wa studio umefungwa.